Ndovu Aliyeshonwa Sikio

Juma lililopita mjukuu wangu Rehema aliniudhi, na nimeona nikibaki na hasira hii peke yangu itanipandisha presha bure. Basi na ninyi vijana wenzake kaeni mnisikilize, maana kosa lake ni lenu nyote.

Ukutani kwangu, hapa nyumbani Usagara, Tanga, nimetundika picha ya ndovu. Ni picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, na sikio moja la ndovu huyo lina pengo. Karatasi yenyewe imekatwa, ukitia kidole kinagusa ukuta. Rehema amekua akiiona, na siku zote alidhani ni kazi ya panya. Siku hiyo akaipiga kwa simu yake, akabonyeza hapa, akasugua pale, kisha akanijia anacheka. "Babu, nimekutengenezea ndovu wako. Tazama, sikio zima!"

Nikatazama. Zima kweli, limenyooka kama halijapata kuguswa na mwiba. "Nani kakutuma?" nikamwuliza. Akanuna. Bibi yake akadakia jikoni kwamba mimi mzee sina shukrani, mtoto kafanya wema. Wema! Mimi na wema wa namna hii tunajuana tangu mama yake Rehema hajazaliwa.

Nilikuwa mpiga picha. Msinicheke, najua siku hizi kila mtu ni mpiga picha, hata kuku wangekuwa na vidole wangepiga. Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, ilikuwa kazi ya kujifunza kwa kupigwa makofi, na niliyejifunza kwake aliitwa Fundi Nasoro. Alikuwa mtu wa asili ya Omani, mzaliwa wa Tanga hii hii, Kiswahili chake kitamu kuliko changu, mwenye studio ndogo iliyopakwa chokaa ambayo watu waliingia wakiwa na sura zao wakatoka na sura nyingine.

Niwaeleze ilikuwaje. Filamu ukishaisafisha kwa dawa unapata negativu, ambayo humo kila kitu ni kinyume: cheupe kimekuwa cheusi, cheusi kimekuwa cheupe. Fundi Nasoro aliiweka juu ya kioo chenye taa nyuma yake, akavaa miwani, akachukua penseli aliyoichonga kama sindano. Penye chunusi alijaza kwa penseli, chunusi ikafa. Penye weusi asioutaka alikwangua kwa wembe, kidogo kidogo, amezuia pumzi. Penseli hufutika. Wembe haurudi, ulichokikwangua kimekwenda. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Kulikuwa na mzee mmoja wa mtaa wa Mabawa mwenye kovu tangu jichoni hadi kidevuni. Alipokuja kuchukua picha yake aliigeuzageuza, akasema, "Hii ya mwanangu, nipeni yangu."

"Ndiyo yako, mzee wangu," Fundi akamjibu. "Ndivyo ungekuwa usingeanguka mnazini."

Yule mzee akacheka, akaondoka nayo ameikumbatia. Na ndiyo maana Fundi hakujifunza maisha yake yote, kwa sababu watu walifurahi. Mabibi harusi walifurahi, mama zao wakafurahi zaidi. Alikuwa na kauli yake, "Hapa kwangu hatoki mtu na kasoro," na kila Ijumaa alifukiza udi studio nzima, viti, mapazia, mikoba ya kamera, na sisi wenyewe mashati yetu, ili mteja anuse heshima kabla hajaketi.

Siku moja aliingia mwanamke wa makamo, kajitanda kanga, miguu ina vumbi jekundu la safari. Baada ya shikamoo na marahaba akasema anataka picha ya ndovu.

"Umekuja naye?" Fundi akauliza.

Sote tukacheka. Yeye hakucheka. "Ningeweza kuja naye," akasema, "nisingekuwa na haja nanyi."

Jina lake Bi Mwantumu, mjane, mkulima wa muhogo na mahindi wa kijiji nitakachokiita Kwamlinga, kusini ya Pangani kwenye njia ya Mkwaja. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabla ya pori, na zaidi ya shamba hilo hakuwa na kitu. Alituambia kijijini kwao wapo madume mawili ya ndovu. Mmoja mchanga, mwenye pengo kubwa katika sikio la kushoto, wanamwita Pengo. Huyo ndiye mharibifu, anang'oa muhogo hata asioula. Wa pili ni mzee, mkubwa kuliko wote, masikio yake mazima, wanamwita Mpole. Mpole anapita zake kwenda kunywa maji, hagusi hata jani.

"Tena akiwapo Mpole, Pengo hasogei mashamba," akasema. "Amwonea haya, kama kijana mbele ya baba'ke. Sasa Bwana Nyama kakubali kuua mmoja. Mmoja tu."

Bwana Nyama ndivyo tulivyomwita mzungu wa serikali aliyeangalia wanyama wa porini. Yeye alishachoka na vijiji. Kila kijiji kilimletea ndovu wake mharibifu, na askari wake wakifika huambiwa siye huyu, ni yule. Safari hii alisema aletewe picha ya mwenye hatia, na atakayefanana na picha ndiye atakayepigwa risasi. Bila picha, askari watamchagua mkubwa.

"Na mkubwa ni Mpole," Bi Mwantumu akasema. "Wakimwua Mpole, mimi sina shamba tena. Hivyo nataka sikio lile lionekane. Mengine shauri yenu."

Hayo aliyasema mbele ya Fundi Nasoro. Mbele yake kabisa, Fundi ameketi hapa, mama yule amesimama pale. Nayarudia makusudi.

Nikatumwa mimi. Basi mpaka Pangani, pantoni kuvuka mto, kisha juu ya lori la mbata, zile nazi kavu, hadi mgongo ukawa si wangu. Na kamera nayo nilipewa ile ya macho mawili, moja juu ya jingine. Ile huiweki usoni. Unaining'iniza kifuani, unainama na kutazama kioo kilicho juu yake, na kioo hicho kinageuza pande: anayekwenda kulia wewe unamwona anakwenda kushoto. Kwa bibi harusi aliyekaa kitini si neno. Kwa ndovu ni balaa, mtaona.

Tatizo la pili ni rangi. Ninyi mnadhani picha nyeusi na nyeupe ni rahisi kwa kuwa rangi hazipo. Ndovu ana rangi ya vumbi, kichaka cha kiangazi kina rangi ya vumbi, na filamu haijui kijani wala kahawia. Mpige ndovu mbele ya kichaka upate picha ya kichaka. Ukitaka aonekane umbo lake, tena pengo la sikio lionekane, lazima nyuma yake iwepo mbingu, na ili nyuma yake iwepo mbingu lazima wewe ulale chini. Naam, chini, tumbo juu ya mchanga, mbele ya ndovu, na kamera isiyo na lenzi ya kuvuta mbali. Mkitaka ndovu mkubwa kwenye picha, ilibidi mmfuate.

Asubuhi ya kwanza Bi Mwantumu alinipeleka mwenyewe kwenye dimbwi wanakonywa. Kashika jembe na debe tupu. Tukalala nyuma ya kichuguu. Akaja Mpole, na wallahi sijaona kiumbe mwenye adabu vile, anaweka mguu kama anaogopa kumwamsha mtu. Alipofika hatua chache kutoka majini akainua mkonga, akanusa upande wetu, akanusa tena, kisha akageuka akarudi alikotoka bila kunywa. Sikuwahi hata kufungua kamera.

Bi Mwantumu akanisogelea, akanusa shati langu. Akanusa mkoba.

"Nini hiki?"

"Udi, mama."

"Udi! Wanukia kama bwana harusi! We mwana, umekuja kupiga picha ndovu au kumposa? Vua."

"Nivue nini?"

"Shati, vua! Na huo mkoba lete."

Akaokota kinyesi cha ndovu, kibichi bado kina mvuke, akausugua mkoba wa Fundi Nasoro nje na ndani. Shati likafuata. Kisha nikafuata mimi, mgongoni na kifuani, huku ananisuta kwamba mama yangu hakunifunza. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumrudisha mtu Tanga kwa miguu. Lakini upepo ulipogeuka sikunuka tena udi, hilo nalikiri.

Siku iliyofuata akaja Pengo. Huyu hakuja kwa adabu. Alikuja anavunja matawi yasiyomzuia njia. Nikapiga, nikapata tumbo lake. Nikazungusha filamu nikapiga, nikapata mkia. Nikapiga tena, kichaka. Filamu inakwisha na mimi sijapata sikio. Bi Mwantumu nyuma yangu ananong'ona, "Ngoja ageuke. Ngoja, nawe! Mbona una pupa?" Mara akageuka. Akatusikia, akatutazama uso kwa uso, akatandaza masikio yote mawili, nami niko chini kama nilivyofundishwa, na nyuma yake mbingu nyeupe tupu. Pengo la sikio lilikuwa wazi, ungepitisha kichwa cha mtoto. Nikabonyeza.

Akaja. Nami macho yangu yamo kwenye kioo, nikamwona anaelekea kushoto, nikarukia kulia. Kumbe kioo kimegeuza, nimerukia mbele yake hasa. Nilijikwaa kwenye kisiki nikapasuka juu ya jicho, damu ikanifumba, kamera nimeikumbatia tumboni. Nilichosikia ni debe. Bi Mwantumu kasimama wima, analipiga debe kwa jembe na kumtukana ndovu matusi ambayo siwezi kuwatajia ninyi, ameanza na ukoo wake. Pengo akasimama. Akatikisa kichwa, akapuliza vumbi, akaenda zake.

Mama yule akachana upindo wa kanga yake akanifunga kichwa. "Umeipata?"

"Nimeipata."

"Sikio laonekana?"

"Laonekana, mama."

Akaketi chini pale pale mchangani. "Basi Mpole kapona," akasema, akaanza kulia, nami nikajua alivyokuwa na hofu siku zote zile alizokuwa akinigombeza.

Mjini niliisafisha filamu mwenyewe. Maji ya Tanga ni ya moto, mnayajua, na kwenye maji ya moto ile ngozi ya juu ya filamu inalainika inachuruzika kama uji. Dawa yake ni barafu. Tulikuwa tukichukua barafu kwa wauza samaki, tunaweka ndoo ndani ya ndoo, na chumba cha giza kinanuka samaki na dawa kwa pamoja. Ukishamaliza uitundike, uifukuzie mijusi, maana mjusi akipita juu ya filamu mbichi atakuachia nyayo usoni mwa bibi harusi. Ndovu wangu alitoka salama. Katika negativu mbingu ilikuwa nyeusi tititi, na pengo la sikio nalo jeusi tititi. Nilifurahi nikasahau kidonda.

Nikamwonyesha Fundi. "Sikio," nikamwambia.

"Nimeliona," akasema. "Nenda Mabawa kwenye harusi, hii nitaichapa mimi."

Nami nikaenda, kwa sababu niliagizwa. Msinitupie lawama. Mtu akikwambia ameliona sikio, wewe utaongeza nini?

Niliporudi kesho yake, watu wamejazana kwenye dirisha la studio. "Mashaallah, mnyama mzuri!" Nikapenya. Nikamwona ndovu nisiyemjua. Masikio mawili mazima, yametandaa sawasawa kama mikeka miwili ya dukani.

"Fundi, sikio liko wapi?"

"Si hayo? Yote mawili."

"Lilikuwa na pengo!"

"Sema taratibu, watu wasisikie." Akaniita pembeni. "Lilikuwa. Nimehangaika nalo usiku kucha, na mgongo huu unavyoniuma. Kasoro kubwa vile, nimpelekee mzungu aseme Nasoro hajui kazi?"

"Pengo ndilo lililotakiwa!"

"Nani duniani anataka pengo?"

Alikuwa anauliza kweli, na hilo ndilo linanichoma hadi leo. Hakuwa na ubaya. Alinitazama kama anayengoja nimsifu. Nikaikamata negativu nikaiweka kwenye kioo: palipokuwa na pengo pamekwanguliwa kwa wembe, kwa ufundi ambao hakuna mwingine Tanga angeuweza, na penseli imepita juu kuchora mikunjo ya ngozi. Mikunjo! Hakukuwa na picha nyingine. Zilizobaki zilikuwa tumbo, mkia na kichaka.

Nikakimbia hadi Raskazone, kwenye ofisi ya Bwana Nyama. Mlinzi akaniambia Bwana Nyama ameondoka asubuhi na askari wake, njia ya Pangani, na picha wameshapewa na Fundi. Nikarudi studio, nikaing'oa ile ya dirishani, nikapanda basi. Basi likapasuka gurudumu. Pangani pantoni ilikuwa ng'ambo, na wale watu wa pantoni wanakunywa chai, nawapigia kelele nao wananipungia mkono. Nilikuwa nataka kulia na kupigana kwa wakati mmoja, na hakuna wa kupigana naye.

Nilipokaribia Kwamlinga, siku iliyofuata, nilikutana na askari wanarudi, wamebeba pembe mbili begani. Pembe ndefu, za mzee. Nikauliza za nani.

"Za yule wa kwenye picha," mmoja akanijibu, na akanionyesha.

Baadaye nilisimuliwa. Pengo alitangulia kuja dimbwini. Bwana Nyama akaishika picha, akamtazama ndovu, akasema, "Huyu siye, sikio lake limechanika." Bi Mwantumu akasema ndiye, hawakumsikiliza; wakamwacha anywe, akaenda zake. Kisha akaja Mpole, mguu mmoja mmoja, masikio mazima. Bi Mwantumu akajitupa mbele akapiga kelele kwamba siye, siye kabisa. Bwana Nyama akamwonyesha karatasi bila ukali. "Mama, picha mmeileta ninyi wenyewe. Tazama." Mtu yule simlaumu sana. Alifanya alivyosema atafanya.

Nilimkuta Bi Mwantumu kizingitini kwake, anamenya muhogo. Nikajua atanitukana, nami nilitamani anitukane. Akaendelea kumenya. Nikamweleza habari za Fundi, penseli na wembe. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo uliyoishika ni yenyewe?"

Nikampa. Akaiweka juu ya goti, akachukua kisu kile kile cha muhogo, akakata. Polepole, ulimi umebanwa na midomo, anakumbuka lilivyokuwa, na kila mkunjo wa pengo lile aliujua. Kipande cha karatasi kikaanguka kwenye maganda.

"Haya," akasema. "Sasa ndiye." Akanirudishia. "Mlimshona sikio, mwanangu. Nani kawaambia lataka kushonwa?"

Pengo hakuwa na wa kumwonea haya tena. Kabla ya mvua za masika, Bi Mwantumu alikuwa amehamia Pangani kwa kaka yake, akikaa chumba cha uani, na shamba likarudi kuwa pori.

Ile picha niliipeleka kwa Fundi Nasoro. Niliiweka mezani kwake nikamwambia yote. Aliitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kisu kibaya," akasema. "Kingo hazikunyooka." Na akanyoosha mkono kutafuta wembe azilinganishe! Nikamnyang'anya. Ndivyo ilivyofika ukutani kwangu. Dirishani aliweka nyingine yenye masikio mazima, na kwa miaka watu walisimama kuisifu, nami nikipita upande wa pili wa barabara.

Haya yote nimemhadithia Rehema. Akaniuliza, "Na Mpole, babu? Picha yake ipo?"

"Haipo," nikamwambia. "Alinusa udi akarudi. Ipo hiyo uliyoitengeneza wewe, ya masikio mazima. Hiyo ndiyo iliyomwua."

Akaitoa simu, akaifuta ile picha yake mbele yangu, bila kuambiwa. Ile ya ukutani ipo pale pale. Ukija kunitembelea utaiona, na ukitia kidole kwenye sikio kitagusa ukuta, lakini usiniulize kama nataka itengenezwe.